Kofia ya babu wa Keya: Daftari kwanza, bei baadaye

Je, msomaji, katika sanduku la marehemu babu yako mna kofia kuukuu ya kijeshi ambayo hakuna nyumbani anayejua ilitoka wapi? Kabla hujaitupa jaani au kumpa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, soma kwanza haya. Huenda hicho unachokiona takataka kuna watu wanakitafuta kwa udi na uvumba.

Duniani wako watu wanaokusanya kofia za vita kama wengine wanavyokusanya stempu. Baadhi yao hushughulikia tu kofia za majeshi yaliyopigana jangwani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ukiwauliza, wengi watakutajia Misri na Libya. Lakini wewe mwananchi wa Kenya huna haja ya kwenda mbali hivyo. Anza na mto Tana.

Mto huu hukamilisha safari yake Kipini, mahali unapomwaga maji katika Bahari Hindi. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, ilikuwa ikitawala Somalia na Ethiopia. Mwezi uliofuata Waitaliano waliteka Moyale. Tana ukawa mstari wa ulinzi. Majeshi ya Uingereza yalipiga kambi Garissa na Bura, na mbele yao ilitanda nyika kame hadi mpakani. Oktoba mwaka huo huo, ndege za Waitaliano ziliangusha mabomu mjini Malindi, kusini mwa mto huo.

Mwaka 1941 majeshi hayo yalisonga mbele yakiongozwa na Jenerali Alan Cunningham. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Wanajeshi wa Nigeria walikata karibu kilomita 1,200 kutoka Mogadishu hadi Jijiga kwa siku 17 tu. Upande wa kaskazini, askari wa Afrika Kusini walikatiza Jangwa la Chalbi na kuteka Mega. Baadaye vijana wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa Misri kufanya kazi za jeshi.

KOFIA ZA KILA NAMNA

Kila jeshi lilikuwa na kofia yake. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walivaa pama ya sufu nzito iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Kwenye gwaride walivaa tarbushi. Kofia ya chuma ya Kiingereza ilikuwa kama sahani ya supu iliyofudikizwa, mtindo uliobuniwa mwaka 1915 na John Brodie.

Waitaliano nao walikuwa na chepeo nyepesi iliyoundwa kwa gome la aina ile ile inayotengenezewa vizibo vya chupa. Mbele yake palikuwa na duara la nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera yao. Askari wao wa Eritrea walivaa tarbushi ndefu nyekundu yenye kishada. Wasomali waliowatumikia waliitwa Dubat, jina ambalo kwa Kisomali lina maana ya kilemba cheupe, kwani hicho ndicho walichojifunga kichwani.

UTAITAMBUAJE?

Igeuze utazame ndani. Kofia nyingi za jeshi la Uingereza zina muhuri wa mshale mpana, jina la kiwanda, saizi na mwaka. Kofia ya chuma iliyoundwa Afrika Kusini hutambulikana kwa matundu matatu kwenye ukingo wa nyuma. Tazama pia mkanda wa ngozi wa ndani. Kofia iliyovaliwa kweli ina alama za jasho.

Usisahau kwamba walaghai wako kila mahali. Kitambaa kipya huroweshwa kwenye chai kionekane kikuukuu, na beji mpya hufukiwa ardhini ipate kutu. Tena, ukiokota kofia ya chuma mahali palipopiganiwa vita, usichimbue zaidi. Huenda pana bomu ambalo halijalipuka. Ondoka, na uwaarifu polisi.

MALI BILA DAFTARI

Hata hivyo, muhuri peke yake hautoshi. Chukua kofia mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Moja imeambatana na jina la mwenyewe, namba yake ya jeshi, picha yake na cheti alichopewa alipoacha utumishi. Nyingine haina habari yoyote. Ya kwanza ni historia, ya pili ni kofia tu. Wahenga wa biashara walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na daftari hilo linataka kuandikwa upesi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1941 alizaliwa 1923. Kama yu hai, amepita miaka 100. Wanaokumbuka masimulizi yake sasa ni mjane, watoto na majirani. Waulize: alisajiliwa wapi? Alikuwa kikosi gani? Alifika mji gani? Alisimulia nini aliporudi? Kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, majina ya waliokufa yamechongwa. Aliyerudi salama hakuchongewa jiwe. Pengine kofia hiyo ndiyo jiwe lake.

SHERIA INASEMAJE?

Kuna wanaodhani kwamba serikali italinda vitu hivi yenyewe. Sivyo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hivyo haviwezi kutolewa nchini bila kibali. Kwa hivyo, kofia ya mwanamaji wa Admirali Fremantle, ambaye Oktoba 1890 aliteremsha askari Kipini wakaishambulie Witu, ingekuwa chini ya ulinzi huo. Ile ya babu ya mwaka 1941 haimo, isipokuwa waziri aitangaze kuwa ya kulindwa. Mlinzi wake wa kwanza ni wewe.

Namna ya kuitunza si ngumu. Usiifue, wala usiing'arishe beji, kwa sababu utafuta alama zote. Joto na chumvi ya pwani huozesha ngozi na kutia chuma kutu, nao nondo na mende hupenda sufu. Ipanguse vumbi kwa brashi laini, ijaze karatasi nyeupe isikunjamane, kisha uiweke pakavu mbali na jua. Ndani yake tia karatasi yenye habari zote ulizokusanya. Nakala nyingine mwachie ndugu yako.

Ukiona huwezi kuihifadhi, zungumza na maofisa wa makumbusho ya Lamu au Fort Jesus, Mombasa. Na kama shida imekubana huna budi kuiuza, hakuna wa kukulaumu. Lakini piga picha kwanza, andika jina la babu, na ubaki na nakala. Mnunuzi achukue kofia. Kisa cha babu kibaki na wajukuu zake.