Waliyoyaona Wachoma Makaa wa Ndola

Ndege ya kijeshi haiachi hatari zake siku amani inapotangazwa. Vita vya Ulaya vilikwisha mwezi wa Mei 1945. Tarehe 28 Julai ya mwaka uleule, siku ya Jumamosi asubuhi, ndege ya jeshi la Marekani aina ya B-25 ilipotea katika ukungu juu ya mji wa New York, ikaligonga jumba la Empire State, lililokuwa refu kupita majumba yote ya dunia wakati ule. Watu 14 walikufa: watatu ndani ya ndege na 11 ndani ya jumba. Wengi wa hao 11 walikuwa watumishi wa ofisi ya Kikatoliki ya kuwasaidia walioteswa na vita, ile inayojulikana leo kwa jina la CRS. Walikuwa mezani pao, wakishughulikia misaada ya wakimbizi, mauti yakawakuta katika kazi ya huruma.

Juu ya ajali ile hapakuwa na ubishi mkubwa. Ilitokea mchana, katikati ya mji, nao walioiona au kuisikia waliulizwa, wakajibu, wakaaminiwa. Leo twataka kusimulia ajali nyingine, iliyotokea miaka 16 baadaye, wakati wa vita vya nchi yetu ya Kongo. Hii ilitokea usiku, msituni, na wengi wa walioiona walikuwa maskini wachoma makaa. Tazameni, wasomaji wapenzi, jinsi tofauti hiyo ilivyoizuia kweli isijulikane, hata sasa imepita miaka zaidi ya 60.

KONGO KATIKA MWAKA 1961

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache tu baadaye askari waliasi, na tarehe 11 Julai Bwana Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo lenye shaba nyingi, limejitenga. Serikali ya Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, iliomba msaada kwa Umoja wa Mataifa, ndio ONU, nao ukaleta askari wa mataifa mengi.

Katibu Mkuu wa Umoja huo alikuwa Bwana Dag Hammarskjöld, mtu wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1905. Hakuwa Mkatoliki, alilelewa katika kanisa la Kilutheri. Lakini alikuwa mtu wa sala na wa ukimya, naye alikipenda kitabu kile cha Thomas a Kempis juu ya kumfuasa Kristo, ambacho watoto wetu wa seminari wanakijua vema. Kitabu hicho alikuja nacho hata Kongo katika safari yake ya mwisho.

Alipofika Léopoldville tarehe 13 Septemba 1961, alikuta mapigano yamekwisha kuanza Katanga kati ya askari wa ONU na askari wa Tshombe pamoja na mamluki wa Kizungu. Huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, kikosi cha askari kutoka Ireland kilizingirwa. Tena ONU haikuwa na ndege hata moja ya kupigana. Katanga ilikuwa na ndege ndogo ya vita aina ya Fouga Magister, na hiyo moja peke yake ilitosha kuwatia hofu askari wa mataifa yote. Basi Hammarskjöld akakata shauri kumwendea Tshombe mwenyewe, waseme uso kwa uso, silaha zinyamaze. Mahali pa kuonana pakawekwa Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia.

SAFARI YA MWISHO

Ndege aliyopanda ilikuwa aina ya DC-6, nayo iliitwa Albertina. Asubuhi ya Jumapili tarehe 17 Septemba ilikuwa imepigwa risasi ilipoondoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mafundi wakaitengeneza. Alasiri ya siku hiyo iliruka kutoka Léopoldville ikiwa na watu 16: Katibu Mkuu, wasaidizi wake, walinzi, askari wa Sweden na marubani. Mmoja wao alikuwa mwanamke, karani kutoka Kanada.

Kwa kuiogopa ile Fouga, rubani hakupita njia ya moja kwa moja juu ya Katanga. Alizunguka upande wa mashariki mpaka ziwa Tanganyika, kisha akageuka kusini. Karibu safari nzima simu ya upepo ilinyamaza. Baada ya saa sita za safari na zaidi, usiku wa manane ukiwa umepita kidogo tu, rubani aliwaambia watu wa kiwanja cha Ndola kwamba anaziona taa zao, naye anashuka. Baada ya hapo sauti yake haikusikika tena.

Ndege ilikata miti ya msitu, ikaanguka ikawaka moto, yapata kilometa 15 kutoka kiwanjani. Magurudumu yalikuwa yamekwisha kuteremshwa tayari kwa kutua. Na kiwanjani je? Wakubwa walidhani mgeni wao amebadili nia, akaenda mahali pengine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Kwa habari za serikali, mabaki ya ndege yalionekana siku ya pili, yapata saa tisa alasiri. Mlinzi mmoja, Harold Julien, alikutwa angali hai, ameungua vibaya. Alikuwa amelala pale saa 15, kwanza gizani, kisha katika jua kali. Hospitalini alisema maneno machache juu ya mlipuko. Akafa tarehe 23 Septemba.

MASHAHIDI WASIOAMINIWA

Sisi wa Kasha, na Bagira yote, tunawajua wachoma makaa. Kila asubuhi tunawaona akina mama wakishuka na mizigo mgongoni, kamba ikiwabana paji la uso. Tunajua pia kwamba tanuri la makaa halimwachi mwenyewe alale usingizi mzima. Moshi ukipata tundu na moto ukapata hewa, kazi ya siku nyingi inageuka majivu. Kwa hiyo mchoma makaa hukesha, akitazama huku na huku.

Ndivyo walivyokuwa wachoma makaa wa msitu ule wa Ndola. Usiku ule walikuwa macho, tena walikuwa karibu. Baadhi yao walisema kwamba waliona ndege mbili angani, kubwa na ndogo. Wengine walisema waliona mwanga ukiirukia ile kubwa, au moto juu yake kabla haijafika chini. Wengine tena walisimulia kwamba mapema sana, kabla ya saa ile ya alasiri, kulikuwa na watu waliofika kwa magari mahali pa ajali.

Je, maneno hayo yalipokewaje? Ile ilikuwa nchi ya ubaguzi, ambamo neno la mtu mweusi mbele ya baraza halikuwa na uzito sawa na neno la Mzungu. Wapo walionyamaza kwa kuiogopa polisi. Wapo waliosema wakaambiwa wamekosea. Na baadhi ya wachoma makaa waliofika penye mabaki walifungwa gerezani kwa kuchukua mashine iliyokuwa ndani ya ndege. Mwezi wa Februari 1962 tume ya Rhodesia iliamua kwamba rubani alishuka chini mno kwa kosa lake. Lakini tume ya Umoja wa Mataifa, katika mwaka huohuo, haikuthubutu kusema hivyo. Ilisema kwamba sababu haikujulikana, wala haiwezi kukanusha kwamba ndege ilishambuliwa. Rubani marehemu hakuweza kujitetea. Hatia ikabaki juu ya kaburi lake.

JAJI KUTOKA TANZANIA

Njia ya kweli ni ndefu, lakini haifungwi. Baada ya miaka mingi watafiti walirudi Ndola, wakawatafuta wale wazee waliokuwa bado hai, wakaketi nao wakawasikiliza. Mwaka 2011 kilitoka kitabu cha Bibi Susan Williams juu ya kifo hicho. Mwaka 2013 tume ya wanasheria, chini ya jaji Stephen Sedley wa Uingereza, ilishauri kwamba shauri lifunguliwe upya. Ndipo mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaikabidhi kazi hiyo kwa jopo, na mkuu wake akawa Bwana Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo, mwana wa Afrika ya Mashariki.

Jaji Othman hakufanya kama waliomtangulia Rhodesia. Hakuuliza kama shahidi amesoma au hakusoma. Alipima neno moja moja: alikuwa wapi, aliona nini, neno lake linapatana na la nani? Mengine aliyaona mepesi, mengine mazito. Mwaka 2017 akaandika kwamba yawezekana ndege ilishambuliwa au ilitishwa na ndege nyingine. Hakusema kwamba jambo hili limekwisha kuthibitika, wala kosa la rubani halijaondolewa kabisa katika hesabu. Aliendelea na kazi hiyo katika miaka iliyofuata, akizitaka serikali zilizosikiliza simu za upepo siku zile zifungue makabati yao. Nyingine zilitoa karatasi kidogo, nyingine hazikutoa zote.

FUNDISHO KWA NYUMBA ZETU

Miezi miwili tu baada ya ajali ya Ndola, tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa ndege wa Italia walikamatwa Kindu, Maniema, mji uliokuwa wa mkoa wetu wa Kivu. Walikuwa wamewaletea chakula askari wa ONU kutoka Malaya. Waliokamata walisema hawa ni mamluki. Hakuna aliyengoja kuuliza, hakuna aliyetafuta shahidi. Wote 13 wakauawa. Miili yao ilirudishwa kwao Pisa mwaka 1962. Ndola mashahidi walikuwapo wakadharauliwa. Kindu hawakutafutwa kabisa. Mahali pote pawili kweli ilidhulumiwa.

Wanafunzi wanajua habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili wenye cheo walimshtaki, na watu wote wakawaamini kwa sababu ya cheo chao. Kijana Danieli akawatenga, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani, na uongo ukaanguka wenyewe. Wanajua pia kwamba habari ya kaburi tupu ililetwa kwanza na wanawake, nao Mitume waliiona kama upuzi. Kumbe ilikuwa kweli iliyo kubwa kuliko zote.

Amri ya nane haimkatazi tu shahidi kusema uongo. Inamdai pia msikilizaji. Baba mwenye kuamua ugomvi wa watoto, mwalimu darasani, mzee wa mtaa, katekista katika shauri la ndoa, kila mmoja ana baraza lake dogo. Akija mbele yako mtoto, mjane, mtumishi, au mama muuza makaa, usimpime kwa nguo zake. Mwulize aliona nini, kisha pima neno lake kama unavyopima la tajiri. Nawe uliyeona jambo, usinyamaze kwa hofu.

Tuwaombee marehemu 16 wa Albertina, wale 13 wa Kindu, na wote waliokufa hewani wakiitafutia nchi yetu amani. Tuwaombee pia wachoma makaa wa Ndola, waliokesha usiku ule, wakaona, wakasema. Na Mungu, ambaye mbele yake hakuna kabati lililofungwa, aidhihirishe kweli kwa wakati wake.