Nguo Nyekundu katika Makumbusho ya Meru

Mtu wa Pwani akifika mjini Meru, huko kwenye baridi ya Mlima Kenya, asirudi kabla ya kupita katika jumba la makumbusho. Jengo lenyewe ni la mawe, la siku za Vita Vikuu vya Kwanza, nalo lilikuwa afisi ya Bwana Shauri wa Kiingereza. Tangu 1974 limekuwa nyumba ya kuhifadhi mambo ya kale ya Wameru.

Ni jumba dogo, lisilo na makuu. Aliyezoea siwa na vyombo vya fedha vya Lamu ataona humu vitu vya watu wa mlimani: silaha, vyombo vya nyumbani na mavazi. Nje pana boma la Kimeru na bustani ya miti ya dawa. Vazi la zamani lilikuwa ngozi iliyolainishwa na kupambwa kwa shanga, na shanga za kioo zilipanda bara kwa misafara kutoka kwetu Pwani.

Lakini nguo itakayomgusa zaidi imo katika masimulizi. Wazee wa Kimeru husema asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa. Huko walitiwa utumwani na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao wakawapa mitihani: watengeneze viatu vyenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe, wafue mkuki wa kufika mbinguni. Viatu walivipata kwa ngozi ining'iniayo shingoni mwa ng'ombe. Mbwa wakamfunga pembe za paa. Mkuki ukawashinda, wakatoroka usiku. Walipofika majini kiongozi wao akapiga maji kwa fimbo, yakapasuka. Nasi tukijuacho kisa cha Nabii Musa (A.S.), twasikia jambo tulijualo.

Waliovuka usiku wakaitwa weusi, wa alfajiri wekundu, wa mchana weupe. Ndivyo koo zilivyogawanyika.

Mwanahistoria wa Kimarekani, Jeffrey Fadiman, aliona kuwa Mbwaa ni Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Wako wataalamu wasiokubali. Lakini ikiwa ni kweli, waliovaa nguo nyekundu walikuwa nani, kama si watu wa mwambao huu?

Kwa hiyo, msomaji, ukizuru Meru usitazame ya wenzako tu. Kaa na mzee, umwombe akusimulie habari za Mbwaa, na umsikilize hadi mwisho.