Namna ya Kuwazoeza Vijana Wachezao Mpira

Katika viwanja vingi vya mpira wa miguu mazoezi huanza kwa namna moja: mwalimu wa mchezo huwaamuru vijana wazunguke kiwanja mara kumi au ishirini, naye husimama kivulini akihesabu. Achokaye huambiwa kuwa ni mvivu. Watu wengi hudhani ya kuwa kijana aliyezoea kuzunguka hivyo hatachoka mchezoni, lakini sivyo.

Mtu mzima achezaye kwa dakika 90 huenda mwendo wa kilomita 10 au zaidi, na sehemu kubwa ya mwendo huo ni ya kutembea au kukimbia polepole. Mara kwa mara hutoka mbio kwa nguvu zote kwa sekunde chache, husimama ghafula, hugeuka, huruka juu, husukumana bega kwa bega. Basi hiyo ndiyo kazi impasayo kijana kuizoea. Kuzunguka kiwanja humfundisha kwenda kwa mwendo mmoja tu.

Njia iliyo bora ni kupunguza kiwanja. Vijana wanne hushindana na wanne mahali penye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20, kwa dakika nne, kisha hupumzika dakika tatu na kuanza tena, hata wapate mara nne. Hapo hapana awezaye kujificha. Kila mtu huugusa mpira mara nyingi na moyo hupiga kwa kasi, wala vijana wenyewe hawatambui ya kuwa wamefanya kazi kubwa, kwa sababu wao huona ni mchezo.

Jambo lililoharibu magoti ya wengi ni kusahau umri. Wasichana hurefuka kwa haraka wapatapo miaka 12 hivi, na wavulana miaka 14 hivi. Wakati huo mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma. Misuli ya paja imeshikamana na mfupa wa muundi kidogo chini ya goti, mahali ambapo mfupa wa kijana haujakomaa bado, na kila arukapo au apigapo mpira mahali hapo huvutwa. Pakivutwa mno huvimba, na huuma akipiga magoti au akipanda ngazi. Wengine humcheka, humchua kwa nguvu, na kumrudisha kiwanjani. Dawa yake hasa ni kupunguziwa mbio na kuruka mpaka maumivu yapoe. Yasipopoa, aonwe na daktari. Kijana aliyesifiwa na mji mzima akiwa na miaka 13 huweza kuwa mtazamaji tu afikapo 16, kwa ajili ya ukaidi wa watu wazima.

Mnamo mwaka 2006 FIFA, pamoja na wataalamu wa Norway na Marekani, ilitengeneza mazoezi yaitwayo 11+, ya dakika 20 hivi, yasiyohitaji chombo ila mpira. Mwaka 2007 yalijaribiwa nchini Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800, wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Vilabu vingine viliyafanya, vingine vikashika desturi zao za zamani. Kwa wale walioyafanya, hatari ya kuumia vibaya ilipungua karibu nusu.

Sehemu ya kwanza ni kukimbia polepole huku wakizungusha nyonga na kugongana mabega. Ya pili ndiyo yenye kazi. Kijana hujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. Hupiga magoti, mwenzake akimshika vifundo vya miguu, naye huinama mbele polepole bila kukunja kiuno, mpaka misuli ya nyuma ya paja ishindwe kumzuia. Husimama kwa mguu mmoja ameshika mpira. Kisha huruka na kutua, na hapa mwalimu hana budi kutoka kivulini na kutazama: goti na likunjwe, wala lisiangukie ndani kuelekea goti la pili. Sehemu ya tatu ni mbio za kasi na kugeuka.

Watoto wa miaka 7 hadi 13 wametengenezewa mazoezi yao wenyewe, ambayo pia huwafundisha namna ya kuanguka pasipo kuumia. Vijana wakubwa hufanya sehemu zote tatu walau mara mbili kwa juma. Siku ya mashindano hufanya ya kwanza na ya tatu tu, ili miguu isichoke kabla ya filimbi.