Njia ya Kiingereza Marani Ipitie kwa Ekegusii

Kikatiba, Kiingereza si lugha ya kigeni nchini Kenya. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja pamoja na Kiswahili kuwa lugha rasmi za Jamhuri. Lakini Katiba haimlei mtoto. Katika vijiji vya Marani, Kaunti ya Kisii, mtoto hulelewa kwa Ekegusii: ndiyo lugha ya jikoni, ya shamba la majani chai, ya soko na ya matanga. Kiswahili hukisikia redioni na kwa wapita njia. Kiingereza hukikuta darasani, kinywani mwa mwalimu ambaye naye alikikuta darasani. Wataalamu wa ufundishaji wa lugha wakisema lugha ya kigeni, wanamaanisha hali kama hiyo hasa, ya lugha ambayo mwanafunzi akitoka nje ya ua wa shule hana pa kuitumia. Tukilikubali hilo, ile imani kwamba Kiingereza huja chenyewe mradi mtoto atumbukizwe humo mapema inaanza kuyumba. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa Marani atakimudu Kiingereza vizuri zaidi akijifunza kwanza kusoma kwa Ekegusii, na Kiingereza chenyewe akifundishwa taratibu kama somo geni, badala ya walimu kujifanya kwamba tayari anakielewa.

Hoja hii si mpya. Tume ya Ominde ya 1964, katika shauku ya uhuru, ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikarudi nyuma: miaka mitatu ya mwanzo itumike lugha inayozungumzwa na watu wa eneo la shule, Kiingereza kishike usukani kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi tulio nao leo haukuliacha wazo hilo. Kwa hiyo karibu nusu karne sasa sera iko, na karibu nusu karne shule zinaipuuza. Barbara Trudell na Benjamin Piper walipoichunguza hali hiyo katika makala yao ya 2014, waliona kwamba chaguo la lugha darasani huamuliwa na matakwa ya wazazi, hofu ya mitihani na mazoea ya walimu, sheria iseme itakavyo. Katika miji yenye mchanganyiko wa makabila, mwalimu ana udhuru. Wa Marani hana, maana darasa zima linaweza kuwa la watoto wa lugha moja, na sensa ya 2019 iliwahesabu Abagusii, wenye lugha hiyo, milioni 2.7. Hiyo si lugha ndogo.

Hasara ya kuharakisha Kiingereza hivi inaonekana kwenye vipimo vya usomaji. Wakati wa mradi wa usomaji na hisabati wa PRIMR, ulioendeshwa na Wizara ya Elimu na washirika wake kuanzia 2011, viliwekwa viwango vya kasi ya kusoma: msomaji hodari wa Kiingereza asome maneno 65 sahihi kwa dakika, wa Kiswahili 45. Kasi ni rahisi kuipima, na kinachopimika kwa urahisi ndicho hufundishwa. Watafiti waliowapima watoto wa Kenya katika lugha kadhaa walikuta jambo la kutia wasiwasi: mtoto aliweza kusoma Kiingereza kwa kasi kubwa kuliko lugha yake, lakini akiulizwa maswali kuhusu alichosoma, alielewa zaidi pale aliposoma polepole kwa lugha ya nyumbani. Yaani tunazalisha wasomaji wa sauti. Mzazi anayepita karibu na dirisha la darasa husikia kifungu kikitiririka na kufurahi, na ni vigumu kumlaumu.

Tena kuna ugumu wa maandishi yenyewe. Kiswahili na Ekegusii huandikwa karibu kama vinavyotamkwa, ingawa Ekegusii hubana irabu zake saba katika herufi tano. Kiingereza hakina huruma hiyo. Philip Seymour na wenzake, katika utafiti wa 2003 uliolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, walionyesha kwamba watoto wa Scotland, ambao Kiingereza ni lugha yao, walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao kupata misingi ya kusoma, sababu kubwa ikiwa tahajia isiyotabirika. Ikiwa mtoto wa Scotland anasota hivyo katika lugha ya mama yake, tunamtwisha nini mtoto wa Marani anayepaswa kujifunza herufi, sauti ngeni na maana ngeni kwa mkupuo mmoja? Siri ya kusoma, kwamba alama hizi husimamia sauti na sauti hubeba maana, hujifunzwa mara moja tu maishani. Ni busara ijifunzwe palipo rahisi.

Katika madarasa ya juu tatizo hubadilika sura. Ailie Cleghorn, Marilyn Merritt na Jagero Abagi walichapisha mwaka 1989 utafiti wao wa vipindi vya sayansi katika shule za msingi za Kenya. Walibaini kwamba maana ilifika kwa urahisi zaidi pale mwalimu alipokiuka kanuni ya Kiingereza pekee na kuchanganya lugha. Panapofuatwa kanuni, somo hugeuka kuwa la kuitikia: mwalimu anaanza sentensi, darasa linaimalizia kwa pamoja, kila mtu anaridhika na hakuna aliyejifunza. Mwalimu anayeteleza kwenda kwa Ekegusii ili kueleza mvuke ni nini hafanyi kosa. Anafanya kazi yake, na inasikitisha kwamba huifanya akichungulia mlango.

Sasa pingamizi lililo zito kuliko yote, ambalo watetezi wa lugha ya mama hupenda kulikwepa. PRIMR ilijaribu hasa kufundisha kusoma kwa lugha ya mama katika kaunti za Bungoma na Machakos, kwa Lubukusu na Kikamba. Shule ziligawanywa kwa kura: baadhi zikapata mafunzo ya walimu na vitabu vya Kiswahili, Kiingereza na hisabati, nyingine zikapata hayo pamoja na usomaji wa lugha ya mama. Watoto wa kundi la pili walisoma lugha yao vizuri zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini katika Kiingereza na Kiswahili hawakuwazidi wenzao, na katika hisabati walikuwa nyuma kidogo. Anayesema kwamba lugha ya mama ni dawa ya papo hapo ya Kiingereza amekanushwa hapa Kenya kwenyewe.

Hata hivyo matokeo hayo yasomwe hadi mwisho. Kiingereza cha watoto hao hakikudhurika, ingawa sehemu ya muda wao ilikwenda kwa lugha nyingine. Ile hofu ya wazazi kwamba Ekegusii itamharibia mtoto Kiingereza haikupata ushahidi. Pili, jaribio lilikuwa fupi, na walimu walikuwa wakifundisha kusoma lugha ambayo wao wenyewe hawakuwahi kufundishwa kuisoma. Palipopewa muda, mambo yalikwenda vingine. Nchini Nigeria, mradi wa Ife ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo. Waliwashinda wenzao, hata katika Kiingereza. Nchini Kamerun, watoto waliofundishwa kwa Kikom miaka mitatu ya mwanzo walikuwa bado mbele walipofika darasa la tano, ingawa pengo lilikuwa limepungua sana, na alama za makundi yote mawili zilibaki duni. Funzo ninalolipata ni kwamba lugha ya mama hutengeneza msingi, lakini haijengi nyumba. Kiingereza lazima kifundishwe, tena vizuri.

Na jinsi ya kukifundisha vizuri si fumbo. Warwick Elley na Francis Mangubhai, katika miaka ya mwanzo ya 1980, walipeleka vitabu 250 vya hadithi za kuvutia kwa kila darasa katika shule za vijijini za Fiji, ambako Kiingereza kilikuwa kigeni kama kilivyo Marani. Watoto waliosoma hadithi hizo kila siku, wenyewe au pamoja na mwalimu, walipiga hatua kwa kasi maradufu ya kawaida. Mradi wa Tusome, uliosambazwa nchini kuanzia 2015, uliinua usomaji kwa njia inayokaribiana na hiyo: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wake, na afisa wa mtaala wa kumtembelea darasani. Upungufu wake kwa Marani ulikuwa kwamba vitabu vyake vilikuwa vya Kiswahili na Kiingereza tu.

Wazazi watasema mtihani ni wa Kiingereza, na mtoto hatapata nafasi ya sekondari kwa Ekegusii. Ni kweli, na ndiyo sababu hoja nzima hapa ni Kiingereza. Lakini kukataza Ekegusii si njia ya kukipata: kile kidude cha kuvalishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya kwao kimeadhibu vizazi kadhaa vya Wakenya, na sijaona utafiti wowote unaoonyesha kwamba kiliwaongezea Kiingereza. Kiliwafundisha kunyamaza, na lugha haijifunzwi kwa kunyamaza.

Kuhusu vitabu vya Ekegusii, hakuna haja ya kungoja Nairobi. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, kiko hapo hapo. Serikali za kaunti jirani za Kisii na Nyamira zinaweza kuagiza hadithi za madarasa ya chekechea, PP1 na PP2, na kuzichapisha. Kwako mzazi, siku ya mkutano wa shule usiridhike kumsikia mwanao akisoma ukurasa wa Kiingereza. Funika kitabu, kisha umwombe akusimulie kwa Ekegusii kilichoandikwa humo.