Je, Wajua? Ndia Kuu na Gereza Lililogeuka Makavazi

Ndia ni njia. Ndivyo watu wa Mvita wanavyolitamka neno hilo, kama wasemavyo “ndoo” pale wengine wasemapo “njoo”. Ndia Kuu, basi, ndiyo njia kuu ya Mji wa Kale wa Mombasa, na upande wake mmoja inakutana na Ngome ya Yesu, mojawapo ya vituo maarufu vya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Ngome hii, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza la Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Makavazi yalifunguliwa 1960. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza mpaka 1984, kisha ikawa makavazi. Mahali palipofungiwa watu leo huingia watoto wa shule na madaftari yao, na hilo lanifurahisha kila nipitapo.

Ukifika, uguse ukuta: chini ni mwamba wenyewe wa matumbawe, umechongwa papo hapo. Ndani utaona vitu vya Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Wapiga mbizi walianza kuvitoa 1977.

Kisha rudi Ndia Kuu utazame milango: mfaa wa katikati umejaa nakshi, na juu yake roshani za mbao. Hiyo nayo ni hazina, ila bado watu wanaishi ndani yake.