Mtenda Asiyetajwa: Kupatwa kwa Jua katika Somo la Redio

Somo la redio halina mchoro. Maelezo yote hubebwa na neno. Istilahi kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi zadhihirisha ugumu huo. Kitenzi -patwa kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Hivyo msikilizaji aweza kudhani kuwa matukio yote mawili yana sababu moja, ilhali jua hupatwa na mwezi upitao kati yake na dunia, na mwezi hupatwa na kivuli cha dunia. Tukio la Rujewa, mkoani Mbeya, la tarehe 1 Septemba 2016, ambapo mwezi uliliziba jua ukaacha pete ya mwanga, halielezeki redioni pasipo kumtaja mtenda huyo.