Istilahi za Daftari la Risasi: Neno Moja, Kitu Kimoja

Neno risasi limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Kwa mwanakemia, risasi ni madini laini na mazito, yale yale yatumikayo katika betri za magari. Kwa daktari, risasi ni kipande alichokitoa katika mwili wa majeruhi. Kwa askari, ni kitu kizima akipakiacho katika bunduki yake, yaani ganda, baruti na vyote vilivyomo. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana haumdhuru mtu, kwa sababu muktadha humwongoza msikilizaji. Lakini daftari halina muktadha. Lina safu na tarakimu tu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini kumbukumbu za risasi zinahitaji istilahi zilizopambanuliwa, na kupendekeza maneno yanayofaa kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Tuanze na mahali ambapo jambo hili lina uzito. Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni njia panda: barabara moja huelekea Biharamulo mjini, nyingine Nyakanazi, na nyingine Ngara hadi mpaka wa Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24. Vita vya nchi jirani viliacha silaha nyingi mikononi mwa watu, na kwa miaka mingi baadaye magari yapitayo katika mapori ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na askari kwa kuhofia majambazi. Sehemu ya mapori hayo, tangu 2019, imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo nayo hulindwa na askari wenye silaha. Katika eneo la namna hii, risasi tano zisizojulikana zilipo si jambo dogo la ukarani.

Ni vema pia kukumbuka kwamba Kiswahili hakikuanza jana kuzungumzia mambo haya. Enzi ya misafara, mwenye gobore alijitayarishia mwenyewe kila kilichohitajika: alitia baruti mtutuni, akatia marisau, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka fataki. Kitenzi kushindilia kilimaanisha kazi hiyo barabara. Wala haja ya kuandikisha si ngeni. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulitaka bunduki na baruti ziingizwazo katika sehemu kubwa ya Afrika ziwekwe katika maghala yanayosimamiwa na serikali, na silaha za watu binafsi zitiwe alama na kuandikishwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Katika baadhi ya nchi, hasa Marekani, wapo wapiga shabaha na wawindaji ambao kwa mujibu wa sheria zao huokota maganda yaliyokwisha tumika na kuyajaza upya nyumbani. Watu hao hutunza madaftari marefu. Kwa Tanzania, sheria ya 2015 inayohusu udhibiti wa silaha na risasi hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, na shirika la umma lenye kazi hiyo ni Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa 1974. Hata hivyo mfasiri hukutana na istilahi za kujaza upya katika vitabu vya mafunzo, hati za forodha na mikataba ya kimataifa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto, katika fasili yake ya risasi, hutaja kitu kizima pamoja na sehemu zake, iwapo sehemu hizo nazo huhitaji kibali katika nchi inayohusika. Itifaki hiyo hudai pia kwamba kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 10. Mfasiri atakayeandika risasi kwa kitu kizima, na risasi tena kwa sehemu mojawapo, atakuwa ameivunja fasili hiyo kwa kalamu yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno yafuatayo. Mengi kati yake yanajulikana tayari. Linalotakiwa ni kuyawekea mipaka.

1. Risasi: kitu kizima kilicho tayari kupakiwa katika silaha. Hii ndiyo maana iliyokwisha enea katika sheria na katika vituo vya polisi, wala hapana haja ya kuiondoa.

2. Ganda la risasi, wingi maganda: kikopo cha shaba nyeupe, chuma au plastiki kinachoshika sehemu nyingine. Hubaki baada ya risasi kufyatuliwa.

3. Kichwa cha risasi: sehemu inayotoka mtutuni na kwenda kupiga. Hiki ndicho daktari anachokiona, na taarifa yake haina budi kusema hivyo.

4. Fataki ya risasi: kifuniko kidogo kilichopo kwenye kitako cha ganda, ambacho kikigongwa hutoa cheche na kuwasha baruti. Neno fataki peke yake halitoshi, maana kwa watu wengi leo ni zile zinazorushwa angani wakati wa sikukuu.

5. Marisau: vidonge vidogo vingi vinavyotumika badala ya kichwa kimoja.

6. Madini ya risasi: malighafi yenyewe. Isiandikwe kamwe "risasi kilo 2", bali "madini ya risasi kilo 2".

7. Mkupuo: risasi zote zilizojazwa kwa wakati mmoja na kwa vifaa vya namna moja, zikapewa namba moja. Iwapo mojawapo itaonekana na kasoro, namba ya mkupuo huwezesha nyingine zote kutafutwa.

Kuhusu vitenzi, kujaza hutumika kwa kutengeneza risasi na pia kwa kuitia katika bunduki. Tunashauri kuandika "kujaza maganda upya" kwa kazi ya kwanza, na "kupakia risasi" kwa kazi ya pili. Kushindilia kuachiwe gobore.

Vipimo navyo vinahitaji uangalifu. Baruti katika vitabu vya Kiingereza hupimwa kwa kipimo ambacho baadhi ya wafasiri wamekiita punje. Neno hilo linapotosha, kwa sababu baruti yenyewe ina punje zinazoonekana kwa macho. Msomaji wa "punje 40" anaweza kudhani ametakiwa kuhesabu. Afadhali kusema greni. Greni 7,000 ni ratili moja, na gramu moja ni sawa na greni 15.43 hivi. Maneno greni na gramu yasifupishwe hata mara moja. Greni 40 ni kama gramu 2.6, anayesoma gramu 40 mahali pa greni 40 amezidisha kipimo zaidi ya mara 15, na kosa la namna hiyo linaweza kupasua silaha mikononi mwa mwenyewe.

Vivyo hivyo, haitoshi kuandika "risasi za 7.62". Tarakimu hiyo hutaja kipenyo kwa milimita, lakini risasi ya 7.62 × 39 na ile ya 7.62 × 51 hutofautiana urefu wa ganda, wala moja haitumiki mahali pa nyingine. Kwa bunduki za marisau, namba 12 si milimita: asili yake ni idadi ya goroli za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu huo, zinazofanya ratili moja. Ndiyo maana namba 20 ni mtutu mwembamba kuliko namba 12, ingawa 20 ni kubwa kuliko 12.

Faida ya kupambanua huonekana katika hesabu. Tuseme askari wa kituo kilichopo njiani amekabidhiwa risasi 20 kwa ajili ya kusindikiza magari. Anaporejea anakabidhi risasi 14 na maganda 5. Daftari lina safu moja tu, "Risasi", na karani anaandika: zimerudi 19. Kwa jumla hiyo, ghala linaonekana lina risasi 19 wakati zilizomo ni 14. Mwezi unaofuata mkaguzi anahesabu na kukuta pungufu ya 5. Karani mpya, ambaye hakuwapo siku ile, anaulizwa zilikokwenda. Na hana la kujibu, kwa kuwa daftari linasema zilirudi. Safu zingekuwa mbili, ingesomeka wazi: zimetolewa 20, risasi zilizorudi 14, maganda yaliyorudi 5, halijapatikana ganda 1 au risasi 1. Swali lingeulizwa siku ile ile, kwa mtu anayestahili kuulizwa, na juu ya kitu kimoja badala ya vitano.

Hoja hii imepata nguvu zaidi tangu marekebisho ya sheria ya 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani karani aliandika kwa Kiswahili, na mahakamani maneno yake yakapita katika Kiingereza kabla ya kufika kwenye hukumu. Sasa neno lililoandikwa daftarini laweza kufika mbele ya hakimu kama lilivyo, na mtu akafungwa au kuachiliwa kwa maana yake.

Walimu wanaweza kuyatumia maneno haya katika mazoezi ya ufupisho na uandishi wa taarifa. Wafasiri wanashauriwa kutoa fasili mwanzoni mwa kila hati na kutoiacha hadi mwisho. Wasomaji walio karibu na maghala, mapori na vituo vya mpakani wanaombwa kuleta maneno mengine yanayotumika huko, pamoja na sentensi nzima ambamo kila neno limetumiwa, ili maana yake ipimwe kabla ya kusanifishwa.